Matuta Manne Mbele ya Nyumba

Nyumba yetu ya Njombe ilikuwa ya serikali, na enzi za Waingereza kila kilichokuwa cha serikali kilifagiliwa. Baba alikuwa karani wa bomani. Tulipohamia pale alikuta mbele ya nyumba uwanja mtupu wa udongo mwekundu, mgumu kwa kukanyagwa na makarani waliotangulia, akaamua kwamba hivyo ndivyo uwanja wa karani unavyopaswa kuwa. Ulifagiliwa kila asubuhi, ukabaki na mistari ya ufagio iliyonyooka. Sisi watoto tulikuwa wanne, mimi mkubwa na msichana pekee, wengine wavulana. Uwanja ule tuliruhusiwa kuutazama.

Bibi, mama yake mama, aliishi Makambako, na alikuwa na kinyungu. Kwa asiyetoka kwetu niseme tu kwamba kinyungu ni kishamba cha bondeni penye majimaji, kinacholimwa kiangazi wakati mashamba ya juu yamekauka. Hiyo ni maana ya mtu mzima. Kwa mtoto, kinyungu ni njegere mbichi za kula ukiwa umechuchumaa, ni vyura, ni matope, ni mfereji wa kuziba na kuzibua mpaka mtu mwenye shamba la chini aanze kutukana. Bibi aliamini kwamba mtoto asiye na matope miguuni anaumwa.

Alipokuja kututembelea mara ya kwanza alikuta tumesimama barazani tumevaa viatu. Akautazama uwanja. Akatutazama sisi. Akamuuliza mama kwa Kibena, maana Kiswahili alikiweka kwa ajili ya sokoni, "Hawa watoto mnawalea au mmewafunga?"

Mama akasema tunalelewa vizuri, tunasoma, tunakula.

"Hata mbuzi wa kunenepeshwa anakula," bibi akasema. "Huyu mkubwa nitamchukua."

Hakuwa anatania. Kwetu bibi kuomba mjukuu wa kukaa naye lilikuwa jambo la heshima, na kumkatalia ilikuwa kama kumwambia kwamba hafai. Lakini mama hakutaka hata kulisikia. Yeye mwenyewe alipoachishwa ziwa alipelekwa kwa bibi yake, akakulia huko mpaka akavunja ungo. Mama yake mzazi, bibi yetu huyu, kwake alikuwa mgeni wa sikukuu, anayekuja na kitambaa cha nguo, analala siku mbili, anaondoka. Aliwahi kuniambia kwamba siku aliporudishwa kwao hakujua sufuria zinakaa wapi, na aliona aibu kuuliza. Kwa hiyo alipomsikia bibi akisema "huyu mkubwa", nilimwona anakunja khanga yake kwa vidole, anaikunja tena. Mimi niliogopa. Nilimpenda bibi kwa wiki moja moja. Maisha mazima nilitaka kuyaishi na mama yangu.

Wakabishana jioni nzima. Mwisho bibi akalegeza kidogo. "Nitakuja tena kiangazi kijacho. Nikikuta watoto wana mahali pao pa kuchezea, pa kushika udongo, nitanyamaza. Nisipokuta, naondoka naye."

Muda wote huo baba alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye banda la kuni, amekaa gizani na kikombe cha chai. Hapakuwa na ugomvi. Ndiyo desturi yetu: mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Wakiwa na neno la kuambiana linapitia kwa mtu mwingine, na kama mtu hayupo unaweza kuongea na kuku, mradi mama mkwe asikie. Baba aliishika desturi hiyo kwa moyo wote. Nadhani ilimpumzisha pia.

Basi kutengeneza mahali pa watoto ikawa kazi yake. Wazo la bustani alilipata nyumbani kwa bosi wake wa Kizungu, alikopelekwa siku moja na mafaili. Aliona kule kwamba kila mtoto wa Mzungu yule ana kishamba chake kidogo, kimezungushiwa mawe, na kibao chenye jina. Alirudi amechangamka, mtu ambaye kwa kawaida hata akipandishwa mshahara alitangaza kwa sauti ya kusoma hati. Akatuita barazani, akachukua karatasi na rula, akauliza kila mmoja wetu anataka nini katika bustani yake.

Anayenifuata alitaka mto. Wa tatu alitaka mbwa. Kitindamimba alitaka sukari. Mimi nilitaka mahali pa kujificha. Baba alitusikiliza kwa makini, kama alivyowasikiliza wenye mashauri bomani, kisha akafanya alichokwisha kuamua.

Alitupa matuta. Matuta manne ya mstatili, yameinuliwa, yamepangwa sambamba mbele ya nyumba yakiitazama barabara. Kila tuta lilipimwa kwa urefu wa mwenyewe, ili mtoto aweze kulifikia lote kwa mikono bila kukanyaga. Alitulaza chini mmoja mmoja akapiga vigingi kichwani na miguuni. Langu lilikuwa refu kuliko yote, la kitindamimba lilikuwa fupi, la kutia huruma. Pembeni aliweka mawe kutoka mtoni, akayapaka chokaa iliyobaki bomani. Mama aliomba miche ya maua kwa mama mmoja anayetunza viwanja vya kanisa, akapewa kikapu kizima, maua meupe na ya zambarau, na hakuna aliyejiuliza kule kanisani yalikuwa yamepandwa wapi.

Mwisho vikaja vibao. Baba si fundi. Alichukua kigingi, akagongomelea ubao mfupi katikati, kigingi kikatokeza juu kidogo. Kwenye ubao akaandika kwa rangi nyeusi, kwa mwandiko wake mzuri wa ofisini, jina kamili la ubatizo. Na kwa kuwa karani hawezi kuliacha jina likae peke yake, chini yake akaandika tarehe ya kuzaliwa.

Akavisimika upande wa kichwani.

Wewe msomaji umekwisha kuona. Baba hakuona. Mama naye hakuona, au alikuwa na shida kubwa kuliko ya kuona. Alihesabu miezi ya kufika kiangazi. Majirani waliona siku ya kwanza tu, lakini walitujua, walituona tukipita wazima tumebeba madaftari, na kumwambia karani wa bomani kwamba amechimba makaburi mbele ya nyumba yake ni kazi inayotaka mtu jasiri. Wakaenda kucheka ndani kwao.

Nyuma ya matuta baba alichimba shimo la mbolea, refu, la kina cha kifua chake, kingo zimenyooka. Humo tulitupa majani, majivu na samadi. Kwa maoni yetu sisi watoto hilo shimo ndilo lililokuwa bustani. Tuliteleza humo, tukalifanya gari, nyumba, jela na mto. Matuta tuliyamwagilia jioni, baba akiwa anatazama, kisha tukarudi shimoni.

Mambo madogo yakaanza kutokea. Mzee mmoja aliyekuwa akipita barabarani kwenda sokoni alisimama mbele ya uwanja wetu, akavua kofia, akainamisha kichwa. Baba, aliyekuwa barazani, aliona kwamba hatimaye kuna mtu anayejua kuheshimu bustani, naye akasimama akavua kofia yake. Wakatazamana hivyo kwa muda. Akina mama waliotoka mashambani na mizigo ya njegere walinyamaza wakifika kwetu, wakaendelea na maongezi mbele. Asubuhi moja tulikuta ungo wa unga wa ulezi mlangoni, hatukujua umeletwa na nani. "Watu wa Njombe ni wakarimu," baba akasema. Mama aliutazama ule unga kwa wasiwasi, lakini tuliupika uji, tukaunywa.

Kiangazi kilipofika, maua yakiwa yamechanua, baba akaona ni wakati wa kumpelekea mama mkwe habari. Alimsimamisha dereva wa lori la Makambako, ambaye alifika Njombe kila wiki na alimfahamu bibi. Sasa, ujumbe wa kwenda kwa mama mkwe hausemwi ovyo. Baba alishika kofia mkononi, akatazama chini, akapunguza sauti kama adabu inavyotaka, akasema:

"Naomba umwambie mama kwamba mahali pa watoto pamekwisha. Kila mmoja amepata pake. Tunamwomba aje aone mwenyewe."

Dereva alitazama juu ya bega la baba. Akaona matuta manne, mawe meupe, maua na vibao. Akavua kofia. Akamshika baba mkono, akaushikilia. "Pole sana, mzee," akasema. Baba akadhani anapewa pole ya kazi ya jembe, akajibu, "Tumeshapoa. Ilikuwa kazi, lakini Mungu amesaidia."

Lori likaondoka pole pole, bila kupiga honi.

Yaliyofuata Makambako niliyapata baadaye kwa mama yangu mdogo. Dereva hakuweza kumwambia bibi mwenyewe. Alimwambia jirani, jirani akaita wazee, wazee wakaenda wakamkalisha bibi chini. Usiku ule nyumba ikajaa watu. Habari zikafika kwa ndugu zetu wa kijiji cha Kichiwa, nao wakatoka mpaka barabara kuu kulisubiri lori. Lilipoanza kupanda kuja Njombe siku ya Jumamosi lilikuwa limebeba waombolezaji, magunia ya unga, kuku na mjomba mmoja mwenye koti jeusi aliyekuwa amejiandaa kutoa hotuba.

Jumamosi ile mama alikuwa ametupeleka kanisani kufanya mazoezi ya nyimbo. Baba alibaki nyumbani, akaingia shimoni kugeuza mbolea. Alikuwa amejifunga gunia kiunoni ili asichafue suruali. Akasikia lori linasimama, akainua kichwa usawa wa ardhi, akamwona mama mkwe wake anaingia uwanjani.

Mtu mwingine angetoka akaeleza. Baba, kwa heshima, alichuchumaa.

Bibi alienda moja kwa moja kwenye tuta refu. Hakuwa anajua kusoma, wala hakuhitaji. Aliujua urefu wangu. Akajitupa juu yake. "Nilisema nikuchukue," akalia. "Nilisema nikuchukue, wakanikatalia." Wengine wakagawana matuta yaliyobaki. Mjomba mwenye koti akasoma vibao kwa sauti, kimoja kimoja, na kila jina likapata kilio chake. Mtu akauliza mbona tarehe ni moja tu. Mjomba akafikiri, akajibu kwamba huenda karani hajapata nguvu ya kuandika nyingine. Hapo wakalia zaidi.

Kisha mama mdogo akaliona shimo.

"Na hili la tano," akauliza, "ni la nani?"

Wakasogea. Baba aliona vivuli vinakuja. Kutoka hawezi, mama mkwe yuko pale. Kubaki hawezi, wataangalia ndani na yeye mama mkwe ataangalia pamoja nao. Akafanya alichoona kuwa ni cha adabu. Alifungua gunia kiunoni, akajifunika nalo kichwa mpaka mabegani, akasema, huku amegeukia ukuta wa shimo kama mtu anayeongea na kuku, "Mwambieni mama kwamba watoto ni wazima."

Sauti hiyo ilitoka chini ya ardhi, chini ya gunia, na ilikuwa na majani ya maharage juu yake.

Waliobaki Makambako walikuwa na bahati. Hawa walikimbia. Mjomba aliacha kiatu kimoja. Mwanamke mmoja wa Kichiwa alipita katikati ya ua wa miti akiwa na kuku mkononi, na hakumwachia. Bibi peke yake hakukimbia, nadhani kwa sababu wakati ule hakuwa na kitu cha kuogopa.

"Nani anasema?" akauliza.

Baba akapima. Mjumbe hayupo, kuku wamebebwa. "Ni mimi, mama. Mkwe wako."

"Nawe umekufa?"

"Hapana, mama. Bado."

Hayo yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza tangu siku ya posa.

Sisi tulikuwa tunapanda mlima kutoka kanisani. Vilio vilitufikia njiani, vinatoka upande wa nyumbani kwetu, na mama, ambaye alijua kwamba nyumbani amebaki mtu mmoja tu, alielewa papo hapo kwamba amekuwa mjane. Akaachia kitabu cha nyimbo, akaanza kukimbia akilia kwa sauti. Sisi tukakimbia nyuma yake tukilia kwa sababu yeye analia. Kwenye kona tukakutana na waombolezaji wanaoteremka mbio. Walimwona mama, wakapunguza mwendo. Kisha wakatuona sisi wanne, tumevaa nguo nyeupe za kwaya, tumeshikana mikono. Wakageuka wakakimbia tena kule walikotoka, kwenye sauti ya shimoni, maana hiyo ilikuwa moja na sisi tulikuwa wanne.

Kwa hiyo tulifika nyumbani wote kwa pamoja.

Bibi alikuwa amekaa chini juu ya maua yangu. Nilimwendea nikasema, "Kamwene, bibi," kwa kuwa nilifundishwa kwamba mtu mzima anasalimiwa kwanza hata dunia ikiwa inaanguka. Alinishika mkono, akauminya mpaka ukauma, akanusa nywele zangu. Akamvuta anayenifuata, akamvuta wa tatu. Akampapasa kitindamimba miguu, akakuta matope ya shimoni yamekaukia nyuma ya magoti, mahali ambapo mama hakufika na kitambaa. Ndipo akaanza kucheka. Alicheka akilia, akalia akicheka, na mama akaja akakaa chini kando yake naye akafanya vivyo hivyo. Baba alikuwa bado na gunia kichwani. Mtu mmoja akamwelekeza upande wa banda la kuni, akaenda huko kwa kupapasa ukuta.

Vibao vilichemsha chai ya waombolezaji jioni ile. Kuku waliokuja msibani waliliwa kwa furaha, na mjomba, aliyekuwa na hotuba na hakutaka ipotee, aliitoa yote, akibadilisha maneno machache. Kabla ya giza bibi alitaka kuonyeshwa bustani. Kitindamimba hakumpeleka kwenye matuta. Alimpeleka shimoni, akateleza mbele yake mpaka chini. Bibi akainama, akaushika udongo wake. "Hapa pazuri," akasema. "Hayo mengine mwambieni baba yenu ayavunje. Mtoto hapimwi akiwa amelala."

Nilisikia hayo, lakini hayakunituliza. Hakuwa amesema lolote kuhusu mimi. Mama naye alingoja. Alingoja wakati wa kula, alingoja wakati wa kulala, na alfajiri nilimkuta amekunja nguo zangu mbili kwenye kikapu, amekikalia, kama vile ameamua kunitoa na kuninyima kwa wakati mmoja. Sijawahi kumwona na uso ule tena.

Lori lilirudi asubuhi. Watu wakapanda, magunia yakapakiwa. Bibi aliagana na kila mmoja wetu kwa zamu, mimi kama wengine, akaelekea garini. Mama akashindwa kuvumilia.

"Mama," akaita. "Na huyu mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Uliyesema utamchukua."

Bibi akasimama, mkono mmoja kwenye ubavu wa lori. "Njiani nilikuwa naomba," akasema. "Nilimwambia Mungu kwamba kama ni uvumi, nikimkuta hata mmoja anapumua, sitamtoa kwa mama yake. Nimewakuta wote. Sasa nirudi kwake nikamwambie nilikuwa natania?"

Bibi akatazama chini, akaongea kwa sauti ndogo, na nilimsikia kwa sababu nilikuwa nimeshika khanga ya mama.

"Wewe nilipokutoa sikulia. Watu walinisifu, wakasema mama jasiri yule. Jana ndiyo nimelia. Nililala juu ya lile tuta nikawa namlilia huyu, na katikati nikasikia jina ninaloita ni lako."

Dereva akapiga honi, maana sasa hakuwa na sababu ya kunyamaza. Bibi akainuliwa akapandishwa, akakaa juu ya gunia, akatazama mbele. Mama alibaki amesimama na kikapu mkononi. Kisha akanibandua vidole kwenye khanga yake, akanipa ufunguo wa kabati la chakula, akapanda lori kama alivyokuwa, bila kilemba wala viatu vya safari. Akakaa kwenye gunia lile lile, akaegemea bega la mama yake. Lori likaondoka.

Vumbi lilipotulia baba akatoka bandani, akachungulia kwanza kwenye kona ya nyumba.

"Wameondoka?" akauliza.

"Wameondoka," nikasema.

"Amemchukua nani?"

Nikamwonyesha ufunguo. "Mtoto wake," nikasema.